Skrini ya Nne ya Shemeji Jerson

Visa vya kutisha huwa vimempata mtu wa mbali: jirani wa binamu, mpangaji wa nyumba ya pili, dereva fulani asiyejulikana jina. Hiki kimetokea kwetu Silay, mji wa kisiwani, kwenye sebule niliyoipima kwa futi yangu mwenyewe. Sina wa kumsingizia.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Julai, saa nne asubuhi, na mvua ilikuwa haijakatika kwa siku tatu. Mama yetu, Nanay Pasing, alikuwa akimenya vitunguu saumu. Dada yangu Merlita, mjamzito wa miezi saba, alikuwa akitundika nguo kwenye reli ya ngazi kwa sababu nje hazikauki. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nimeng'ata misumari mdomoni, namalizia meza ya mumewe. Mimi ni seremala. Jina langu ni Teodulo, lakini mtaani wote wananiita Manong Dulo, yaani kaka Dulo, isipokuwa Mama, ambaye mpaka nimeota mvi bado alikuwa ananiita Toto kama siku aliyonizaa.

Mume wa Merlita ni Jerson. Ofisi yake ilikuwa imemruhusu afanyie kazi nyumbani mpaka mtoto azaliwe, na ikampa skrini mbili za kuongezea ile aliyokuwa nayo. Kazi yenyewe sitaki hata kuieleza, lakini lazima. Alikuwa analipwa kutazama video ambazo watu duniani kote wamezilalamikia. Mtu anachapwa kwa waya mpaka ngozi inafunguka, Jerson anatazama. Mtu anakatwa katikati ya soko, Jerson anatazama. Kisha anabonyeza: itolewe, au ibaki. Video mia nne kwa siku. Na huyu kijana ni mpole kupita kiasi. Kuku wa sikukuu alikuwa ananiita mimi nije kumchinja, yeye anaenda kusimama uani mpaka nimalize.

Ndiyo maana alihitaji skrini tatu. Ya kushoto iwe na foleni ya video zinazosubiri, ya katikati iwe na video yenyewe, ya kulia iwe na kanuni za ofisi. Alizipanga juu ya meza yangu, akachomeka nyaya, zikawaka zote tatu kwa picha ileile moja. Ikabidi aingie kwenye mipangilio aiambie kompyuta kwamba hizi ni uwanja mmoja mpana, kipanya kikitoka kwenye hii kiingie kwenye ile. Alipomaliza aliegemea kiti akatabasamu kama aliyejenga daraja.

Mama aliacha kumenya. Aliinyooshea kisu skrini ya kwanza.

"Dhahabu," alisema. Akasogeza kisu. "Fedha." Akasogeza tena. "Mata."

Hakuna seremala kisiwani kwetu asiyeijua hesabu hiyo. Tunaitumia kwenye vidato vya ngazi. Ni maneno matatu tuliyoachiwa na Wahispania: la kwanza dhahabu, la pili fedha, la tatu mata, halafu unarudi mwanzo. Kidato cha mwisho kikiangukia mata, nyumba hiyo itatoa maiti, maana kwa Wahispania mata ni kuua. Kwa lugha yetu ya kila siku neno hilohilo ni jicho. Ngazi ya nyumba yetu niliijenga mwenyewe, vidato kumi, na inaishia kwenye dhahabu.

"Nay, hii ni kompyuta, siyo ngazi," Jerson alisema akicheka.

"Kwani nimesema ni ngazi? Nimehesabu. Toa moja au ongeza moja."

"Nikitoa moja kazi nitafanyaje? Na nikiongeza, meza ya Manong itabeba?"

"Ishia hapohapo," nilimwambia. "Meza hiyo inakubeba wewe na ukoo wako wote."

Merlita alikuwa anakung'uta dera lake la njano, lile lenye maua makubwa ya alizeti. Alilitundika kwenye nguzo ya chini kabisa ya ngazi. "Mfanyie tu, Jerson," alisema. "Mama asipolala, humu ndani halali mtu."

Jerson akafungua droo, akatoa kidude cheusi, ukubwa wa kidole gumba. Kilikuwa ni plagi ya udanganyifu. Ukiichomeka nyuma ya kompyuta, kompyuta inaamini kwamba kuna skrini nyingine imeunganishwa, kumbe hakuna kitu. Aliichomeka. Kwenye mipangilio yakatokea maboksi manne badala ya matatu, na ikabidi alichukue lile la nne aliweke mahali. Alilivuta mpaka mwisho wa upande wa kushoto.

"Haya, Nay. Nne. Tumerudi kwenye dhahabu."

"Iko wapi?"

"Haionekani. Lakini mashine inajua kwamba ipo."

"Nimekuuliza iko wapi, wewe."

Jerson akanyoosha mkono kushoto kwa meza, kwenye ukuta mtupu karibu na kidato cha kwanza, pale penye dera la alizeti. "Hapo."

Mama alipatazama muda mrefu. Kisha akarudi kwenye vitunguu vyake. Nilidhani ameridhika, nikaisukuma kompyuta ndani ya kasha nililoitengenezea chini ya meza ili panya wasiifikie, mgongo wake ukutani, nikapigilia kasha na meza ukutani kwa misumari kumi ya inchi nne. Kasha lilikuwa na tundu moja tu la kupitishia nyaya, upande wa kushoto. Ni tundu la kuingia kiganja chembamba.

Siku ya pili video zilianza kupotea. Jerson anafungua video, katikati hapatokei kitu. Imefunguka kwenye skrini ya nne, ile isiyokuwapo. Yeye alisema ni jambo la kawaida, mashine haijui kwamba tumeidanganya, na kulikuwa na vitufe vya kubonyeza ili kulirudisha dirisha lililopotelea huko. Sawa. Lakini kabla hajavibonyeza, sauti zilikuwa zinasikika. Spika zilikuwa mezani, mbele yake, mkono wa kulia. Sauti zilikuwa zinatoka mguuni pa ngazi.

Nilizisikia mwenyewe. Mwanamume anaomba kwa lugha nisiyoijua. Pigo. Anaomba tena. Pigo, na safari hii mfupa. Halii tena, anakoroma. Yote hayo katikati ya shuka na soksi za dada yangu. Merlita akaacha kupanda ngazi peke yake.

Alhamisi mchana Jerson aliniita kutoka karakana yangu, iliyo nyuma ya nyumba. Alikuwa anatokwa jasho.

"Manong, njoo uone kitu. Usiongee kwa nguvu."

Kwenye mipangilio kuna mahali ukibonyeza, kila skrini inaonyesha namba yake kwa tarakimu kubwa, ili ujue ipi ni ipi. Alibonyeza. Ya kulia: moja. Ya katikati: mbili. Ya kushoto: nne.

"Ya tatu iko wapi?" niliuliza.

Jerson aligeuza kiti. Alitazama mguuni pa ngazi.

"Mashine inagawa namba inavyotaka yenyewe," alinong'ona. "Inaangalia kila waya umeingia tundu gani. Nilidhani nimeongeza ya nne, Manong. Nimeongeza ya tatu."

Tulikubaliana tusimwambie Mama. Nikajiona mtu mzima mwenye akili kwa kusema hivyo.

Ijumaa, saa saba na nusu mchana, ilikuja ile video.

Jerson aliivuta kutoka kule kushoto, nikiwa nimesimama nyuma yake. Sekunde kumi na nne. Imechukuliwa kutoka chini, karibu na ukuta. Kwanza niliona mbao, na kwenye mbao fundo lenye umbo la sikio. Nililijua fundo lile. Nilikuwa nimelipiga randa mwenyewe wiki iliyopita. Ilikuwa ubavu wa meza yangu.

Mbele ya meza kulikuwa na mtu amepiga magoti. Sura haionekani. Linaonekana dera tu, la njano, lenye alizeti. Kitu cha chuma kikashuka. Kikapanda. Kikashuka. Kikapanda. Mara ya tatu kikashukia kichwa cha mwenye dera, na kichwa kikafunguka. Damu ikaruka moja kwa moja kuja kwetu, ikajaza skrini yote, na picha ikakwama pale.

Jerson alikuwa ameshatazama maelfu ya vifo. Alitapikia miguu yangu.

Halafu, kwa mazoea ya kazi, akabonyeza: itolewe. Mashine ikamjibu kwa maandishi madogo. Haiwezi kutolewa. Video bado inapakiwa.

"Mke wangu," Jerson alinong'ona. "Manong, ni mke wangu."

Tulifanya kazi kama watu wawili wanaozima moto. Nilikusanya mapanga yote ya nyumbani, mawili ya kukatia miwa na lile la nazi, na visu vya jikoni, na shoka, na mundu. Nikavifunga kwenye gunia nikalipeleka kwa jirani. Sikubakiza chuma chochote chenye makali. Jerson alizima ile skrini kwenye mipangilio, ikarudi yenyewe. Alizima kompyuta kabisa, skrini zote zikawa nyeusi. Mguuni pa ngazi mapigo yakaendelea, polepole, kama mtu anayetwanga.

"Mtoe Merlita humu," nilimwambia. "Mpeleke kwa mama yake wa ubatizo, Talisay. Ukirudi utakuta nimeshaing'oa plagi."

Merlita alilalamika kwamba hatumwambii kitu. Alitaka kuchukua dera lake, limekauka. Nilimnyang'anya nikalirudisha pale kwenye nguzo. Nililichukia, lakini niliona kwamba bila Merlita lile ni kitambaa tu. Akaingia kwenye bajaji akilia, mkono tumboni, na Jerson akapanda ubavuni pake. Walipopinda kona nilishusha pumzi. Nilijua nimemwokoa.

Nilirudi ndani nikaingiza mkono kwenye tundu la kasha. Uligoma kwenye vifundo vya vidole. Nilijaribu mkono wa pili. Nao ukagoma.

"Wangu unaingia," Mama alisema nyuma yangu.

Alikuwa ametoka uani kufunika kuni, amelowa chapachapa, maji yanamtiririka usoni. Alikuwa anaikodolea macho sehemu ile ya ukuta. Alikuwa amejua tangu lini, sijui.

"Umeme utakupiga, Mama. Toka hapo."

"Toto, nisikilize. Kimekaa hapo kinatazama. Niache nikitoe."

"Nimesema toka!" Sikuwahi kumpigia kelele namna ile. "Umelowa kama samaki, utanifia kwa homa bure. Nenda kabadilishe hizo nguo!"

Aliondoka. Nilisikia vidato vikilia, kisha nikasahau kumsikiliza.

Nguo zote za Mama zilikuwa mbichi. Siku sita za mvua sasa. Hilo nalijua leo.

Njia pekee ilikuwa kuing'oa meza ukutani. Nilikwenda karakana nikachukua mtaimbo mfupi na nyundo yangu kubwa. Wala sikuwaza. Nilikuwa nimepeleka kwa jirani kila kitu kinachoweza kuua mtu, na nyundo sikuihesabu. Seremala haihesabu nyundo. Ni mkono wake.

Saa tisa umeme ukakatika. Sebule ikawa giza la mvua. Nilichomeka mtaimbo kati ya kasha na ukuta, upande wa kushoto, nikapiga.

Moja. Ubao ukalia. Dhahabu, nikasema moyoni. Ni mazoea ya kazi, sikulitafuta neno, lilikuja.

Mbili. Fedha. Msumari ukalalamika lakini haukutoka.

Pembeni mwa jicho niliona njano. Alizeti. Dera liko palepale kwenye nguzo, nilifikiri.

Ndani ya kasha kitu kikalia: tik. Kidogo tu. Nilidhani ubao umeachia. Nikafurahi. Nikainua nyundo kwa mikono miwili, nikaishusha kwa nguvu zangu zote.

Tatu.

Nyundo ikipiga ubao hudunda. Ile haikudunda. Iliingia. Ilikaa ndani, na nilipoivuta ilining'ang'ania kabla ya kuachia, ikatoka na nywele nyeupe.

Mama alikuwa amepiga magoti, bega limegusa kasha, kichwa kando ya mtaimbo, mkono umeingia kwenye tundu mpaka kiwiko. Dera la Merlita lilikuwa linaburuzika sakafuni, maana alikuwa mfupi kuliko Merlita. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umebonyea kama bati. Jicho la upande ule halikuwapo. Jicho la pili lilinitafuta, likanipata.

"Kimetoka, Toto," alininong'oneza. Kwa sauti ya kunituliza.

Kisha akateremka ukuta taratibu, na damu ikawa inatoka kwa kusukumwa, mara nne, mara tano, ikifika mpaka kidato cha pili. Nilimziba kwa viganja. Ilipita katikati ya vidole vyangu, ya moto. Nilimwita. Nilimwita Nanay, nikamwita Mama, nikamwita kwa jina lake la ubatizo ambalo sijawahi kulitamka. Mapigo mguuni pa ngazi yalikuwa yamekoma. Nyumba ilikuwa kimya, mvua tu.

Jerson alitukuta hivyo.

Polisi walikuwa watu wema. Waliona mtaimbo, wakaona giza, wakaandika ajali. Askari mmoja alihitaji mikono yake yote miwili kukifungua kiganja cha Mama. Ndani yake mlikuwa na plagi, kavu kabisa, haina hata tone.

Ile tik. Alikuwa ameshaitoa. Nimekaa na jambo hilo mwaka mzima sasa. Nyundo yangu ilipokuwa bado hewani, Mama alikuwa ameshaimaliza kazi yenyewe, na ningesita kwa sauti ile muda wa kuvuta pumzi moja tu, leo angekuwa hapa ananiita Toto. Merlita amejifungua mtoto wa kike, mzima. Ananikaribisha nyumbani, ananipakulia wali, na hawezi kunitazama mikono.

Lakini kuna jambo ambalo hata Merlita sijamwonyesha, na nimelipaka rangi kabla hajarudi kutoka Talisay.

Walipoondoka na mwili, nilibaki kuosha ukuta. Damu ilikuwa imetapakaa kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kifua changu, yote, matone na michirizi. Katikati yake palikuwa na sehemu nyeupe, safi. Nilidhani macho yangu yamechoka. Nilisogeza taa. Damu ilikuwa imefika mpaka kwenye ukingo wa ile sehemu, ikakatika kwa mstari ulionyooka kuliko ninavyoweza kuuchora kwa rula. Pembe nne. Zote za mraba.

Nilichukua futi yangu. Sentimita hamsini na tatu kwa thelathini. Nikageuka, nikazipima skrini za Jerson juu ya meza. Hamsini na tatu kwa thelathini, na ukingo wa chini upo kwenye usawa uleule kutoka sakafuni. Nilihakikisha kwa pimamaji.

Plagi ilikuwa ndani ya ngumi ya Mama. Hata kwa hesabu ya mashine, pale ukutani hapakuwa na kitu tena. Ila kitu kilisimama pale nyundo iliposhuka, kikaipokea damu yake usoni, kikaondoka nayo. Nimemwosha Mama, nimemvika, nimemzika. Sehemu moja ya damu yake, hamsini na tatu kwa thelathini, sikuizika, na sijui iko kwa nani.